Mchinjaji wa Krismasi

Vijana wangu, mliniuliza swali nikawajibu kwa kikohozi. Mlikuwa watatu, mmetoka zamu kiwandani Mogogosiek, bado mnanuka majani mabichi ya chai, mkasema: "Babu, Krismasi inakuja na sisi si Wakristo. Wenzetu wa kazini wametualika. Tufanyeje ili tusiwaudhi?" Mke wangu Zainabu akacheka kule jikoni, na si kicheko cha furaha. Anajua swali hilo limenikaa kooni tangu nikiwa na umri wenu. Leo kikohozi kimetulia, kwa hiyo nawajibu.

Mimi ni Rajabu Makokha, mtu wa Mumias kwa kuzaliwa, Mwislamu kwa malezi, na wa chai kwa riziki. Nilikuja Kericho miaka ya hamsini nikiwa kijana, nikaandikwa kazi kwenye shamba moja la wazungu. Jina lake sitalitaja, kwa sababu yaliyonipata huko hayakuletwa na wazungu. Yaliletwa na watu niliokula nao sahani moja.

Nyinyi mnabonyeza kitufe, feni linavuma, mnarudi kupiga hadithi. Sisi tulitandaza majani darini juu ya magunia, tukayageuza kwa mikono, na kama yamenyauka au hayajanyauka kiganja chako ndicho kilichojua. Unachukua konzi moja, unaifinya, unafungua mkono. Yakifumuka upesi, bado. Yakibaki donge kisha yakafunguka polepole, kama mtu anayeamshwa na hataki, hayo yako tayari kwenda kwenye roli, ile mashine ya kuyasokota. Kikonyo nacho unakikunja, na kikivunjika kwa mlio unarudi kungoja. Aliyenifundisha hayo ni mzee Ogutu, Mjaluo wa Ugenya, Mkristo wa kusali kila Jumapili, mnyapara wa chumba tulichoivishia majani mpaka yapate rangi ya shaba. Nikimwambia "Mzee, nadhani yako tayari," ananifukuza: "Rudi ukadhanie huko juu. Ukishajua, shuka."

Ogutu ndiye aliyenifundisha Krismasi pia. Krismasi yangu ya kwanza kambini, mama mmoja Mkisii jirani yangu alibisha mlango akiwa na sahani ya chapati. Mjue kwamba chapati wakati huo zilikuwa kitu cha mara moja kwa mwaka, si hizi mnazokula kila kona mkiwa mmesimama. Akaniambia, "Krismasi njema, kijana." Nami, badala ya kupokea, nikaanza kumweleza kwamba hiyo si sikukuu yangu. Nikamweleza dini yangu tangu Adamu, chapati zikipoa mkononi mwake, mpaka akaomba radhi akarudi nazo kwake. Ogutu alikuwa amekaa nje ya mlango wake akisikia yote.

"Rajabu, huyo mama alikuuliza dini yako?"

"Hapana, mzee."

"Alikuletea nini?"

"Salamu na chapati."

"Basi si ungechukua salamu na chapati?"

Chapati zile zilikuwa za unga na mafuta tu, hazikuwa na kosa lolote. Mpaka leo nazijutia. Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwenu ndilo hilo: mtu akikutakia heri, pokea heri. Hajakuita ubatizwe.

La pili linahusu zamu. Majani yaliyochumwa mkesha wa Krismasi hayajui ni mkesha wa nini. Ukiyaacha yalale darini siku nzima kwa sababu watu wako kanisani, kesho yake una samadi. Lazima mtu abaki aendeshe roli, na mwingine abaki kwenye moto wa kukaushia. Tuliobaki tulikuwa sisi Waislamu wachache, pamoja na Wakipsigis ambao bado walikuwa wakimwomba Asis, mungu wao wa zamani. Hatukulazimishwa. Tulisema wenyewe: nendeni.

Mimi nilikuwa nashika zamu ya Yohana arap Koech. Huyu alikuwa Mkipsigis wa Boito, mwenzangu kwenye mashine ya kukaushia, mrefu, mwenye sauti ambayo ilisikika juu ya kelele za mitambo yote. Ndiye aliyeongoza waimbaji wa kambi. Kila Krismasi nilimwambia "Nenda kaimbe, moto niachie," naye akaenda mbio huku akivua aproni njiani.

Naye alinilipa vizuri. Miaka hiyo Idi ilikuwa ikiangukia kwenye mvua za masika, wakati majani yanakuja kwa fujo na bwana mkubwa hataki kusikia habari ya ruhusa. Krismasi ilikuwa sikukuu ya shamba, Idi ilikuwa shida yako mwenyewe. Yohana alisimama zamu yake akaunganisha na yangu ili mimi niende kuswali Kericho mjini. Nikirudi namkuta macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, anacheka, ananiita kwa lafudhi yake ya Kikipsigis. "Iti njema, Rachapu! Pilau iko wapi?" Na pilau ilikuwa yake kwanza, kabla ya mtu yeyote. Hakuna mtu aliyenipenda pale kambini kuliko Yohana. Nataka mlijue hilo kabla sijafika ninakokwenda.

Sasa, ng'ombe. Kila Krismasi shamba lilitoa ng'ombe mmoja kwa kambi yetu, na ng'ombe lazima achinjwe na mtu. Kabla sijafika, nasikia walikuwa wakibishana kila mwaka, Wakipsigis wakisema Wajaluo hawajui ng'ombe, Wajaluo wakisema Wakipsigis wanajua kumwimbia tu. Ogutu akawanyamazisha. Akasimama katikati ya kambi akasema: "Huyu kijana wa Mumias atachinja. Akichinja yeye, sisi sote tunakula. Nikichinja mimi, yeye na wenzake watakula ugali na chumvi, na sisi tukiwaangalia. Hiyo itakuwa Krismasi gani?"

Kuna masheikh wanaosema chakula cha watu wa Kitabu ni halali kwetu. Mimi siwabishii, wamesoma. Lakini sisi tulilelewa hivi, kwamba nyama isiyochinjwa na Mwislamu hatuigusi, na kambi nzima ililijua jambo hilo kama ilivyojua mahali pa kuchota maji.

Basi nikawa mchinjaji wa Krismasi, mimi ambaye Krismasi si yangu. Msicheke. Nilijivuna sana. Nilikuwa mgeni, Mluhya kati ya Wakipsigis, Mwislamu kati ya Wakristo, na siku yao kubwa kuliko zote haikuanza mpaka mimi nifike. Nikitoka zamu asubuhi naoga, navaa kanzu yangu ya Idi, nachukua kisu. Watoto wananifuata. Yohana ndiye aliyekuwa akishika pembe, akimnong'onezea ng'ombe maneno ya Kikipsigis mpaka analala kwa ubavu wa kushoto bila ugomvi, mimi namwelekeza kibla, nasoma bismillahi, nakata mara moja. Kisu cha kuchinjia hakirudiwi-rudiwi, hilo nalo lishikeni. Ng'ombe asikione kikinolewa, na kiwe kikali kiasi cha yeye kutojua kimepita. Baada ya hapo Zainabu anabeba sehemu yetu, anawapikia Waislamu wote wa kambi, na mabakuli yanapishana milangoni mpaka jioni.

Ilikuwa hivyo mpaka Ogutu alipoacha kazi. Vumbi la chai lilikuwa limemmaliza kifua, akarudi Ugenya, na hatukumwona tena.

Mwaka huohuo akaja mhubiri mpya. Sitamsingizia ubaya. Alikuwa kijana, amesoma, viatu vinang'aa hata kwenye matope yetu, na mtu akiugua alikuwa wa kwanza kumtembelea. Lakini aliwakalisha waumini katika jumba la kambi akawaambia kwamba nyama iliyosomewa maneno ya dini nyingine si nyama ya kuwekwa mbele ya Wakristo siku ya kuzaliwa Bwana. Haya niliyapata baadaye. Walijadiliana, wakakubaliana, wakaomba, wakatoka. Yohana alikuwemo, amekaa kiti cha mbele pamoja na waimbaji wake. Wakamchagua yeye achinje, kwa kuwa alishazoea kushika pembe.

Mlango wangu ulikuwa unatazamana na lile jumba. Hakuna hata mmoja aliyeuvuka uwanja kuja kuniambia.

Mkesha wa Krismasi mchana nilikaa kizingitini nikinoa kisu kwenye jiwe. Watu walipita, wengine wakiwa wametoka kwenye mkutano uleule. "Unanoa, Rajabu?" Nanoa. "Haya." Wakapita. Yule mama wa chapati, ambaye tulishapatana zamani, alipita akainamisha kichwa kama aliyeangusha sindano. Kisha akaja Yohana.

"Rachapu, leo utanishikia zamu?"

"Kama kawaida. Nenda kaimbe."

Akatazama kisu. Akatazama viatu vyake. Akasema, "Asante, ndugu yangu," akaondoka. Nikadhani amechoka.

Nikashika zamu yake nikakausha chai mpaka kulipokucha. Nilipotoka nikaoga kwa maji ya baridi, yale ya Kericho yanayouma mpaka mifupa, nikavaa kanzu, nikakifunga kisu kwenye kitambaa, nikatoka. Nilishangaa kwamba hakuna watoto mlangoni.

Nikafika uwanjani nikakuta ng'ombe keshachunwa nusu. Yohana ameinama juu yake, shati limekunjwa, damu mpaka viwikoni, na kisu mkononi. Aliniona. Wanawake waliokuwa wakiosha utumbo waliacha kuosha. Mhubiri peke yake ndiye aliyekuwa na ulimi. Akaja ananyoosha mkono, uso wake umejaa tabasamu.

"Karibu, karibu sana! Nimeambiwa wewe ni rafiki yetu mkubwa. Karibu ule na sisi."

Wengi wa watu wale walikuwa wamekula nyama ya mkono wangu miaka yote hiyo. Nikawatazama mmoja mmoja nikitafuta hata jicho moja. Wote walikuwa wakiitazama nyama. Nikasema, "Krismasi njema," kwa kuwa Ogutu alinifundisha kupokea salamu na kutoa salamu, na nilikuwa sina kingine cha kutoa. Wakaitikia wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa, kama watoto wa shule waliosamehewa viboko. Mtu akitaka kujua aibu ya watu wengi inavyosikika, ndiyo hiyo.

Nikageuka nikarudi. Nyumbani Zainabu alikuwa ameshatwanga tangawizi na vitunguu saumu, sufuria kubwa iko mekoni, maji yanachemka. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mbona kanzu ni safi?" akauliza.

Aliepua sufuria mwenyewe, akamwaga maji nje.

Mchana akaja Rebeka, mke wa Yohana, na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Ndani kulikuwa na nyama, tena ya nundu, ile nzuri. "Yohana amesema mkule kabla haijapoa," akasema. Rebeka huyu alikuwa amepika pamoja na Zainabu jiko moja kila Idi. Alijua. Zainabu naye alijua kwamba anajua. Wakasimama pale mlangoni wameishika sahani wote wawili, huyu haiachi, yule haivuti. Mwishowe Zainabu akaipokea kwa mikono miwili akasema asante. Akaingia ndani, akaihamisha nyama, akaosha sahani, akaijaza mandazi, maana sahani ya jirani hairudi tupu hata kama imekuja na uchungu. Rebeka akaondoka nayo analia.

Nyama nikampelekea mzee mmoja Mkipsigis, mlinzi wa banda la majani, ambaye hakuwa wa Krismasi wala wa Idi. Akaipokea akicheka. "Lete hapa. Asis yangu haichunguliangi sufuria ya mtu." Ndiye mtu pekee aliyenifanya nitabasamu siku hiyo.

Watu wakanisifu. Kambi nzima ikasema, Rajabu ana roho nzuri, hakugomba, hata alisema Krismasi njema. Vijana, nawaambia ukweli: sikuwa na roho nzuri hata kidogo. Nilikaa kitandani na kanzu yangu safi nikiwasikia wakiimba, na sauti ya Yohana ikiwa juu ya zote, nikaomba mvua ya mawe iwashukie kwenye sahani. Haikuja. Jua liliwaka vizuri mpaka jioni.

Tulikutana tena kwenye mashine ya kukaushia. Tulifanya kazi zamu nzima tukipishana na matoroli. Mwishowe yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Rachapu, ilikuwa mhubiri. Kanisa ilikuwa imekubaliana. Mimi ningefanya nini?"

"Kuchinja ungechinja tu, Yohana. Ng'ombe ni wenu, siku ni yenu. Ungeniambia."

"Niliona haya."

"Ukaona haya, kwa hiyo ukaniacha nikeshe kwenye zamu yako. Ukaniacha ninoe kisu, nioge, nivae kanzu, nitembee uwanja mzima nikitazamwa. Haya yako ukanivisha mimi."

Akafunika uso kwa viganja, vyeusi kwa vumbi la chai. Hakusema "nisamehe". Labda kama angesema ningesamehe, labda nisingesamehe. Hatukupata nafasi ya kujua, maana mnyapara aliita, chai ilikuwa inaungua.

Idi iliyofuata sikumwomba anishikie zamu. Majani yalikuwa mengi, mvua inanyesha, nikafanya kazi, nikaswali peke yangu kati ya magunia. Yohana aliniona. Alisimama pale mlangoni na aproni mkononi, akingoja niseme neno moja. Sikulisema. Na Krismasi iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo, alipokuja kuuliza kama nitamshikia zamu, nilijibu, "Kama kawaida." Msidhani ulikuwa wema. Nilitaka kila anapokwenda kuimba akumbuke ni nani amebaki kwenye moto wake. Nilimchoma kwa adabu, mwaka baada ya mwaka, na kambi ikaendelea kunisifu. Yeye akazidi kuimba kwa sauti ya chini, mpaka wakamweka kijana mwingine mbele.

Shambani kwao Boito Yohana alianza kupanda chai yake mwenyewe wazungu walipoanza kuruhusu wenye shamba dogo, akaacha kazi. Kila Krismasi sahani ilikuja, popote tulipokuwa, hata tulipohamia hapa Roret. Nyama ya nundu. Na kila mara Zainabu aliirudisha na mandazi. Hakuna kati yetu aliyewahi kusema, "Inatosha."

Yohana amefariki, mnajua. Nilikwenda kumzika. Walichinja ng'ombe, nikakaa nyuma na wazee wasionifahamu, nikanywa chai ya rangi. Jioni Rebeka akanijia, akanishika mkono. Akasema Yohana alikuwa akinitaja kila Krismasi, watoto wakianza kula.

Nikamwuliza, "Alikuwa akisema nini?"

"Alikuwa anasema tu, 'Rachapu alikuwa amevaa kanzu.' Halafu anasukuma sahani."

Kumbe miaka yote hiyo hatukuila nyama ile, mimi kwangu na yeye kwake. Nilirudi Roret giza likiingia.

Kwa hiyo nendeni. Mmealikwa, nendeni. Itikieni salamu, kuleni chapati, shikeni zamu za wenzenu waimbe, na sahani ikija kwenu isirudi tupu. Ikitokea mtu amekukosea usimchome kwa adabu kama nilivyofanya mimi, mgombeze siku hiyohiyo yaishe, maana aibu ya mtu mnayependana naye huwezi kuifurahia hata kidogo. Na yule wa kati yenu, mrefu, aliyesema ameombwa awachinjie ng'ombe wa kiwandani: kisu changu kipo jikoni. Zainabu amekikatia sukuma wiki mpaka mpini umelegea, lakini chuma chake bado ni kizuri. Kichukue, ni chako, jiwe pia liko pale kizingitini.

Ila usikinoe leo. Kwanza vuka uwanja, ukawaulize kama bado wanakutaka.